Taa ya Kushoto na Gari la Bibi Harusi

Jumatatu, 3 Juni

Taa ya mbele ya kushoto imegoma! Wiki yenyewe ndiyo hii ya harusi ya mpwa wangu! Jana tu nimefunga honi mpya, kubwa, ya kutangulia msafara, leo taa imenuna. Dada, mama wa bibi harusi, amekuja kuona akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema mwanawe hapandi gari chongo. Ijumaa jioni atakagua. Zisipowaka vizuri zote mbili, bibi harusi atapelekwa na Baba Mdogo. Yule mdogo wa baba yake! Mtu anayefuta gari lake kwa leso! Mtoto nilimwahidi mwenyewe, akiwa bado kibogoyo, kwamba siku yake nitamwendesha mimi. Mjomba ni mjomba, bwana.

Jumanne, 4 Juni

Fundi umeme kasema kwa simu nibadilishe balbu, ya kushoto iende kulia. Giza likihama nayo, balbu imekufa. Likibaki palepale, kosa liko kwenye nyaya. Nimebadilisha. Giza limebaki kushoto. Nyaya! Mbona zipo tele? Nimeng'amua mwenyewe: upande wa kushoto unataka balbu yenye nguvu zaidi. Baba Mdogo ana gari la aina hiihii, na taa zake zinaumiza macho.

Jumatano, 5 Juni

Nimekwenda kumpongeza Baba Mdogo, roho ikiniuma. Alipoingia ndani kuniletea chai, nimefungua boneti yake, nikachukua balbu ya kushoto, nikamwachia yangu. Chai nimekunywa bila haya. Nyumbani nimeipachika, nimewasha... giza! Nikapita kwake kuchungulia. Gari lake linawaka pande zote mbili, tena kwa balbu YANGU! Huu si wizi ni nini? Na siwezi kumshtaki popote.

Alhamisi, 6 Juni

Fundi amekuja mwenyewe. Kakuta waya wa arthi wa taa ya kushoto, ule wa kurudisha umeme kwenye bodi, unaning'inia, akauliza nani kafungua bolti yake. Nikasema sijui. Akaitazama honi yangu, akaitazama bolti iliyoishikilia, akanitazama mimi. Jamani, bolti ile ilikuwa imekaa tu pale, imeshika kiwaya kimoja cheusi! Ningejuaje? Kaufunga kwa bolti nyingine, taa ikawaka. Kisha akaniambia nisiguse kitu tena. Mtu mzima kuambiwa hivyo mbele ya mkewe!

Ijumaa, 7 Juni

Taa zinawaka, lakini sawasawa tu na za Baba Mdogo. Sare! Nani katafuta sare? Jirani yangu dereva ana lori, na lori ni kubwa kuliko gari, kwa hiyo na mwanga wake ni mkubwa. Tumebadilishana balbu, akafurahi. Jioni dada amekuja, nikawasha kwa mbwembwe. Zimetoa wekundu hafifu, unahitaji tochi kuziona. Kumbe umeme wa lori ni mara mbili ya wa gari. Balbu zake zimekaa na njaa kwangu! Nikakimbilia zangu. Zimeungua papo hapo jirani alipowasha, naye ananitafuta. Maduka yamefungwa. Dada kasema gari si chongo tena, sasa linasinzia. Bibi harusi kapewa Baba Mdogo.

Jumapili, 9 Juni

Jana niliendesha nyuma kabisa ya msafara, nimepakia viti vya kukodi. Bibi harusi alitoa kichwa dirishani kwenye gari la Baba Mdogo, akanipungia mkono. Nililia. Nikamwambia mke wangu ni vumbi. Akasema vioo vyote vimefungwa.

Leo mpwa kapiga simu. Kesho asubuhi yeye na mumewe wanahamia mbali, na anataka mjomba ndiye awapeleke stesheni. Nikamuuliza, na taa je? Akasema mchana kweupe taa za nini, na kwani mjomba si aliahidi? Nimelia tena, safari hii bila kisingizio.

Gari liko tayari kabisa. Injini tu ina kakelele, na mtoto haagwi kwa kakelele. Nimefungua kabureta. Vipande vyote viko mezani, nimevipanga vizuri, na fundi sikumwita. Kazi ndogo tu.