Leseni Imekwenda, Trekta Lipo

Jumatatu, Mei 5

Leseni imekwenda. Hakimu kaifungia siku thelathini kwa kopo moja la bia. Nilimweleza kwamba sikuwa naendesha. Nilikuwa nimelala chali kwenye malisho ya jirani zetu kina Svoboda, natazama nyota. Akasema hapa Nebraska kijana wa miaka kumi na saba akikutwa na bia hunyang'anywa leseni, hata kama amelala. Nyota hazikuja kunitetea.

Dansi ya shule ni Jumamosi. Noreen Hruska alikubali twende pamoja, sijui kwa muujiza gani. Nimeshinda nikiliwaza gauni lake, ambalo sijaliona. La bluu, nadhani.

Jumanne, Mei 6

Noreen kashajua. Katika mji huu ukipiga chafya, mtaa wa pili wanakuombea afya. Kip Lindahl, mwenye pikapu nyekundu na meno mengi, amejitolea kumpeleka. Noreen kamjibu kwamba atangoja aone mimi nitafika na nini. Nikishindwa, basi Kip.

Mama alisema atatupeleka yeye, tena atabaki ukumbini kutuangalia. Nilikataa kwa adabu. Akanikumbusha kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, kisha akaninyima andazi la plamu.

Alhamisi, Mei 8

Nimepata! Huku kwetu trekta likiwa kwenye kazi ya shamba halidai leseni. Basi nitafunga tela, nipakie marobota ya nyasi kavu, na Noreen akae juu yake. Nani atasema nyasi si kazi ya shamba?

Babu Emil aliuliza nyasi zinakwenda wapi. Nikasema dansini, kupamba ukumbi. Akanitazama mpaka kahawa yake ikapoa. Akasema, "Akili unayo, mjukuu wangu. Ila inapenda njia za panya." Funguo akanipa.

Leo sikusikia neno darasani. Nilikuwa barabarani, nyasi zinanukia, mkono wa Noreen begani kwangu.

Jumamosi, Mei 10

Gauni ni la kijani. Alicheka alipoliona trekta, akavua viatu, akapanda.

Tulikwenda polepole sana. Jua lilikuwa likishuka nyuma ya maghala ya nafaka, na mashamba yote yakawa rangi ya asali. Noreen alilala juu ya nyasi akasema kapita barabara hii maisha yake yote na hajawahi kuiona. Nilifurahi mpaka nikaogopa. Nilitaka mji usogee mbali zaidi.

Nyuma yetu magari yalijipanga msururu, la kwanza la Kip, anapiga honi. La pili la askari wa sherifu, Bwana Dunkel. Akaja ubavuni, akauliza nyasi za nani. Nikajibu za Babu. Akacheka, akasema nisogee pembeni kidogo magari yapite. Sheria ilikuwa upande wangu!

Furaha kama hiyo haimezwi kavukavu. Nilikuwa nimeficha kopo moja la bia ndani ya robota, la kusherehekea. Niliposimama pembeni nikalichomoa, nikalifungua Dunkel akiwa bado ubavuni.

Noreen alisema, "Tad, wewe kweli? Leo?" Akavaa viatu. Alifika dansini kwenye gari la polisi, kiti cha mbele. Kip ndiye aliyemfungulia mlango.

Jumapili, Mei 11

Dunkel anasema safari hii ni siku tisini. Babu kachukua funguo. Mama anapika kwa kelele.

Noreen alipiga simu. Alisema ile safari ilikuwa tamu kuliko dansi yenyewe, na ndiyo maana amekasirika. Tena Kip akicheza anakanyaga watu miguu. Akasema nimtafute siku nitakayoweza kukaa na furaha bila kuiongezea kitu. Nikaapa. Nilimaanisha kila neno, machozi yalinilenga.

Sasa nimelala naangalia dari. Mto wetu unapita nyuma tu ya nyumba yao, na mtumbwi haudai leseni. Namwona Noreen mbele, mkono wake unagusa maji, miti inapita taratibu. Mimi nyuma, na kasia. Katikati inabaki nafasi nzuri tu ya kuweka sanduku la barafu, na kopo moja tu ndani.