Makofi Yamekatazwa, Kukohoa Ruksa

Jumanne, 3 Oktoba

Nimechaguliwa! Nusu tu, lakini nimechaguliwa. Mwalimu Gasparo amesema sikukuu ya Mtakatifu Ursula itakuwa na aria moja, wimbo wa sauti moja juu ya fidla, na ataiimba msichana mmoja: Fiordalisa au mimi. Kila mmoja atajaribiwa Jumapili yake, masifu ya jioni. Atakayekoholewa zaidi ndiye.

Niliposikia jina langu nilijificha nyuma ya fidla kubwa. Kwa kuwa ndiyo kazi yangu kuipiga, hakuna aliyeshangaa.

Humu katika nyumba yetu ya mayatima kila msichana jina lake la pili ni ala yake. Mimi ni Pasquetta wa Besi. Besi isiyokoma! Wenzangu wanarukaruka juu huko kama shomoro, mimi nakokota chini, du, du, du, tangu mwanzo hadi amina. Nikiacha, muziki wote unaanguka. Nisipoacha, hakuna anayejua kama nipo. Na kwa vile makofi yamekatazwa kanisani, watu wakifurahi wanakohoa, wanapenga kamasi, wanaburuza viti. Tangu nianze kupiga, hajanikoholea hata mgonjwa.

Yeye ni Fiordalisa wa Sauti. Alikuja kunipongeza. Eti, "Wewe mwenzangu, ukiulizwa chumvi iko wapi unaiva uso mpaka masikio. Utaimbaje?" Jibu kali sana lilinijia. Lilinijia baada ya chakula, yeye ameshaondoka.

Nalitaka hilo jina lake. Pasquetta wa Sauti. Nimeliandika hapa pembeni nione linavyokaa. Linakaa vizuri.

Alhamisi, 5 Oktoba

Nina mpango!

Mjomba Zuane amekuja kunitazama. Analima kabichi kisiwani Sant'Erasmo. Tumeongea chumba cha wageni, yeye upande wake wa wavu wa chuma, mimi upande wangu. Naupenda ule wavu. Mtu akikuona kwa vipandevipande unaona haya kidogo tu.

Nikamuuliza kama ana rafiki wanaojua kukohoa. Akasema, "Mwanangu, kwa ukungu ule wa kwetu, asiyekohoa ni maiti." Basi nikamweleza shida yangu. Akacheka mpaka akashika wavu. Akaahidi kuleta mtumbwi mzima wa watu, malipo biskuti za mahindi, ambazo nitazikusanya kwenye sahani yangu kuanzia leo. Nina njaa tayari.

Akauliza, sasa tukohoe lini? Nikamwambia nikimaliza wimbo. Sana? Sana, mjomba. Akasema hawataacha mpaka padre asimame.

Je, ni dhambi? Nimeungama, kwa tahadhari. Dhambi za kawaida naziungama kwa lugha ya nyumbani, za mipango naziungama kwa Kilatini. Padre Anzolo anakijua Kilatini cha kwenye kitabu. Akikisikia kinaongewa, anatikisa kichwa na kusamehe.

Jumapili, 8 Oktoba

Leo ilikuwa zamu ya Fiordalisa. Nilitamani aimbe vibaya. Hakuniridhisha.

Aria si wimbo wa mkupuo mmoja. Kuna sehemu ya kwanza, ya furaha, fidla zote zinashangilia. Kuna ya pili, fupi, ya huzuni, fidla zinanyamaza na kubaki besi peke yake chini ya sauti. Halafu mwishoni mwa karatasi kuna maneno mawili, da capo: rudi kichwani. Unairudia sehemu ya kwanza yote, safari hii na mapambo. Na mapambo hayaandikwi. Kila mwimbaji anakuja na yake, ndipo anapojulikana ni nani.

Fiordalisa alijulikana. Alipanda, akashuka, akateleza, akaitetemesha noti moja muda mrefu hata nikasikia kizunguzungu kwa niaba yake. Kanisa zima lilikohoa kama hospitali. Kuna bwana alipenga kamasi ukadhani ni tarumbeta.

Mimi chini, du, du, du. Lakini masikio yangu hayakulala! Nimeyabeba mapambo yake yote, moja baada ya jingine. Jumapili ijayo atayasikia yakitoka kinywani mwangu.

Jumanne, 10 Oktoba

Nimefanya mazoezi chumba cha kufulia, kwa mapambo ya wizi. Bi Bortola, msimamizi wetu, akachungulia na kuuliza kwa huruma ni jino la juu au la chini. Akanipa karafuu. Sikuwa na ujasiri wa kumweleza. Nimezitafuna zote.

Fiordalisa naye akapita. Akasema ule mtetemo ni wa kwake. Nikamwambia nilidhani ni wa watu wote! Nilisema nikiangalia sakafu, lakini nilisema.

Jumapili, 15 Oktoba

Niandike haraka kabla mshumaa haujaisha.

Nikaimba. Anayejaribiwa akiimba, mwenzake anashika besi, kwa hiyo Fiordalisa alikalia kiti changu na kukumbatia fidla yangu kubwa. Nilichungulia chini kupitia wavu wa roshani. Mbele kofia za manyoya na pepeo za mabibi. Nyuma kabisa, karibu na mlango, kofia za majani. Watu wangu!

Sehemu ya kwanza nikaimaliza. Fidla zikafunga vizuri, pakawa na kimya kidogo.

Wakakohoa.

Kumbe Sant'Erasmo wanaimba nyimbo za mkupuo mmoja. Ukiisha, umeisha. Hakuna aliyewahi kuwaambia habari za kurudi kichwani, na mimi, mjinga, nilisema tu nikimaliza! Walikohoa kama watu waliolipwa. Mabibi wa mbele wakageuka. Padre hakusimama, kwa nini asimame na wimbo haujaisha, hivyo hawakuacha.

Sehemu ya pili ikabidi ianze humohumo. Sikujisikia. Hata kidogo! Nilichokipata ni ile besi, du, du, du, ikipanda kwenye mbao na kuingia nyayoni. Fiordalisa hakupotea hata pigo moja. Nadhani alikuwa anajaribu kunifunika.

Sasa niungame jambo. Nilipojua kwamba hakuna binadamu anayenisikia, haya zilinitoka zote. Nikafungua kinywa kama sijawahi. Nikamlilia mama yangu humo ndani, kwa Kilatini, kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Pumzi za wakulima zikaisha palepale tuliporudi kichwani. Kimya. Na mimi bado nimeachia sauti yote! Nikamsikia mtu mlangoni akisema wazi, "Mama yangu, anaanza upya!" Kanisa likacheka. Mapambo ya Fiordalisa yote yakanitoka kichwani, hakubaki hata mtetemo mmoja. Ikabidi nitengeneze yangu, hapohapo, nikiwa njiani. Sikumbuki nilifanya nini. Nakumbuka nilipanda mahali na nikakuta kuna nafasi.

Nikamaliza. Watu wangu kimya, wanasubiri mara ya tatu. Nikajua nimekwisha.

Halafu bibi mmoja wa mbele akakohoa. Kidogo, kwa adabu. Akafuata wa pili. Halafu viti, leso, miguu, kanisa lote! Yule bwana wa tarumbeta alipiga mara mbili.

Jumatatu, 16 Oktoba

NIMESHINDA!

Mwalimu Gasparo alifika akifuta macho, sijui kwa kucheka au vipi. Amesema katika miaka yake yote hajaona watu wakikohoa kabla ya kurudi kichwani. Ama ni mtindo mpya wa Napoli, ama jiji lina kifua kikuu. Vyovyote vile, hukumu ni hukumu. Kisha akauliza kwa upole ni nani aliyenifundisha marudio yale. Nikasema hakuna. Kwa mara ya kwanza wiki hii nilisema kweli bila kujipanga.

Fiordalisa akalalamika kwamba wale wa nyuma walinuka kabichi. Bi Bortola akamjibu kwamba nyumba ya Mungu haina harufu mbaya, basi.

Mimi ni Pasquetta wa Sauti. Nimemtumia mjomba biskuti zote na salamu: sikukuu waje tena, wakohoe mara ya PILI tu. Ya PILI!

Jumamosi, 21 Oktoba

Sikukuu. Upepo mbaya kutoka baharini, mawimbi makubwa. Hakuna mtumbwi uliovuka kutoka visiwani. Nikachungulia mlangoni: hakuna hata kofia moja ya majani. 

Nikaimba kwa sababu fidla zilikwisha kuanza. Fiordalisa alikuwa kwenye besi. Sehemu ya kwanza, ya pili, kichwani tena. Nikakipanda kile kilele, nafasi bado ipo.

Walikohoa mpaka mshumaa wa karibu na mimbari ukazimika. Bi Bortola mwenyewe alipenga kamasi, na yeye hana desturi hiyo.

Jumapili, 22 Oktoba

Leo Fiordalisa amekaa pembeni yangu wakati wa chakula, bila kualikwa. Amesema, "Sikiliza, mjinga wewe. Jana hapakuwa na kabichi hata moja mle ndani. Wale walikohoa wenyewe. Ni sauti yako." Amesema pia kwamba Jumapili ile aliikaza besi makusudi ili nisianguke. Halafu akanimegea kipande chake cha kuku.

Kuku nimemla. Hayo mengine ni wivu uliovaa vizuri. Sauti yangu? Mimi ninayeiva kwa kuulizwa chumvi? Jambo liko wazi kabisa: watu wa mjomba waliwafundisha watu wa mjini kukohoa, na somo limeshika. Bila mpango wangu ningekuwa bado nakokota besi.

Na sasa Mwalimu ametangaza muziki wa Majilio. Fuga! Sauti ya kwanza inatoka na wimbo wake, ya pili inaufukuza wimbo uleule, ya tatu inafuata, ya nne inafuata, mpaka zote zinakimbizana kwa pamoja. Nataka kuwa sauti ya kwanza. Fiordalisa amesema niombe tu, nitapewa.

Niombe! Nimemwandikia mjomba. Fuga ina sauti nne, kwa hiyo nahitaji visiwa vinne. Sant'Erasmo waanze kukohoa, Burano wawafuate, halafu Torcello, na Mazzorbo wafunge.