Dizeli ya Papa Jérémie na Ule Mlio wa Nyuma

Leo nimeaibika mchana kweupe, mtaa mzima wa Observatory, hapa Johannesburg, ukiangalia. Nasimulia mwenyewe kabla hamjatumiwa video, maana kuna mlinzi mmoja anayo, na hakuonekana mtu wa kutunza siri.

Tuanze na karavani. Mama yangu mdogo, Mwanaidi, ana saluni ndani ya karavani kuukuu iliyoegeshwa kwenye kiwanja kimoja hapa mtaani, ubavuni mwa mafundi wanaonyoosha bodi za magari. Ni saluni ya kina mama wanaojisitiri. Mapazia hayafunguliwi, mlango haukai wazi, na mwanamume haruhusiwi hata kuubisha. Ukimtaka, mpigie simu. Sasa mwenye kiwanja anakitaka kiwanja chake ifikapo Jumamosi. Mamdogo amepata nafasi Fordsburg, kwenye ua wa mama mmoja anayeitwa Bi Nasra, huko ambako wateja wake ndiko waliko. Sharti ni moja: karavani iingie asubuhi, itoke jioni. Kila siku. Bila gari la kuivuta hakuna Fordsburg, na bila Fordsburg hakuna saluni.

Gari likapatikana. Papa Jérémie, jirani yetu, fundi cherehani kutoka Bukavu, anauza dizeli yake, lile gari refu linalovuta kwa magurudumu yote manne. Mamdogo alitaka kulinunua siku ileile. Mimi nikasema, ngoja. Nani kasema linaweza kuvuta karavani?

"Papa Jérémie kasema."

Na Papa Jérémie ndiye muuzaji! (Chuo nimesoma miaka minne. Ukiacha cheti, kitu pekee nilichotoka nacho ni kutomwamini mtu anayeuza kitu.)

Mamdogo akachoka na mimi. "Haya, Profesa. Kapime wewe. Ukisema zuri, nanunua. Ukisema bovu, basi, nitafunga saluni nirudi Tanga nikalee kuku."

Kwa hiyo saluni ikawa mikononi mwangu. Sikutetemeka.

Gari kuukuu la dizeli lazima ulione likiwa baridi. Wauzaji wajanja huwasha injini kabla hujafika, ili likuwakie bila kukohoa. Ndiyo maana sikumwambia mtu kwamba naenda leo. Wala Papa Jérémie, wala mamdogo mwenyewe. Saa moja na nusu asubuhi, baridi ya Julai inang'ata masikio, nikabisha mlango. Papa Jérémie akatoka na blanketi mabegani.

"Mutoto, iko nini? Nani amekufa?"

"Hakuna, Papa. Nimekuja kupima gari."

"Sasa hivi?"

"Likiwa baridi."

"Hata mimi niko baridi."

Nikashika boneti. Baridi kweli. Nikawasha, likawaka mara moja. Jambo hilo likanitia shaka. Nikatazama moshi: mweusi kidogo, halafu ukakatika. Nikafungua kifuniko cha oili, nikalala chini kutafuta kutu, nikaitikisa ndoano ya kuvutia kwa mikono miwili. Kila kitu kizima. Nikazidi kushuku.

"Papa, kwa nini unauza gari zuri namna hii?"

"Macho yangu imechoka. Sioni tena barabara muzuri."

"Daktari gani amekwambia?"

"Ukuta ya kanisa njo iliniambia, siku niliigonga."

Sikucheka. Nikamwambia nataka kipimo cha kweli: tuivute karavani yenyewe, tena kilimani. Gari lisilo na mzigo ni kama mwanasiasa asiye na kazi, linaweza kukuahidi lolote.

Tulipofika kiwanjani mafundi walikwisha anza kugonga mabati. Karavani imetulia, mapazia chini kama kawaida. Mamdogo hufungua saa nne, kwa hiyo hayumo. Waya wa umeme ulikuwa umechomekwa. Nikajua amesahau hita tangu jana, nikauchomoa, nikaanza kupanga maneno ya kumsema. Kufuli nalo lilikuwa linaning'inia wazi kwenye komeo. Amesahau hata kufunga! Nikalibana, mlango usije ukafunguka njiani. (Usalama kwanza. Naomba hili likumbukwe wakati wa hukumu.)

Papa Jérémie akakuna kichwa. "Uko hakika hamuna mutu ndani?"

"Papa, saa mbili hii? Mimi namjua mamdogo."

Tukakunja miguu ya karavani, tukaifunga kwenye ndoano, tukaunga taa. Nikashika usukani. Simu nikaizimia mtandao ili nisisumbuliwe, nikaiweka irekodi sauti ya injini. Ushahidi, jamani. Tukatoka.

Hatujafika hata mwisho wa mtaa, nikasikia. Ko. Ko ko.

"Unasikia?"

"Ninasikia," akasema Papa Jérémie, macho yamemtoka.

"Hizo ni nozeli, zinazopulizia dizeli kwenye injini."

Tukaanza kupanda kilima. Nikakanyaga mafuta. KO KO KO KO! Moyo wangu ukafurahi, nisiwadanganye. Asubuhi nzima natafuta ubovu wa gari hili, na sasa umejileta wenyewe.

"Unaona? Nikiongeza mwendo inagonga zaidi. Basi si nozeli. Ni difu, gia za ekseli ya nyuma."

"Mbele ya leo haikugonga hata siku moja!"

"Wote ndivyo wanavyosema, Papa."

Tukaruka tuta. Nyuma ukatoka mlio mwembamba, mrefu, wa kukwaruza roho.

"Na huo?" akauliza.

"Beringi."

Papa Jérémie alianza kutoa jasho kwenye baridi ile. Masikini, alikuwa ameshaanza kuliamini gari lake kuwa bovu. Nilipokaribia juu ya kilima nikaegesha pembeni, mbele ya geti moja lenye mlinzi, nikamwambia nitamfundisha kitu. Nitazima injini, na atasikia kila kitu kikinyamaza, ajue kwamba tatizo ni la gari na halina mjadala. Nikazima.

KO KO KO KO KO.

"Injini imezima," akasema Papa Jérémie, taratibu.

"Ni chuma kinapoa," nikasema. (Ndiyo. Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu huu.)

Akainamisha kichwa, akasikiliza. Halafu akanigeukia.

"Mutoto, chuma gani inaita 'Idrisa'?"

Sikumbuki nilivyoshuka. Nakumbuka dirisha dogo la karavani likisukumwa, na mkono ninaoujua tangu nanyonyeshwa ukitokea na funguo za kufuli, na sauti ya mamdogo ikipita juu ya paa za nyumba.

"Idrisa! Chuo kilikufundisha kufungia watu?"

"Mamdogo, si unafungua saa nne?"

"Leo nimemfungulia mgeni mapema! Umeme ukakatika, nikasema ni kawaida yao. Tukatikisika, nikasema ni wale mafundi. Kumbe mtoto wa dada yangu ananihamisha mji! Simu yako iko wapi?"

"Inarekodi."

"Inarekodi nini?"

Nikaharakisha kuzipokea funguo.

Mlinzi alikuwa ameshatoka getini, simu juu. "Eish, bhuti," akaniuliza, yaani kaka, "unaiba watu?" Madereva wawili wa teksi wakapunguza mwendo. Mama mmoja aliyekuwa akifagia kibaraza aliacha kabisa kufagia.

Nikafungua kufuli. Sauti ya pili, nzito, ikatoka ndani: "Mwambie ageuke. Nywele zangu ziko wazi." Kwa hiyo nikageuka. Nikavua koti, nikalishikilia juu kwa mikono miwili liwe pazia, uso nimeuelekeza kwenye uzio wa watu, macho nimefumba. Ndivyo nilivyo kwenye video. Ukiiona utadhani nakamatwa.

"Mgeni wako ni nani?" nikanong'ona.

"Bi Nasra," akasema mamdogo. "Alikuja kuiona saluni kabla hajanithibitishia nafasi."

Nilikuwa nimemfungia mwenye ua ndani ya karavani, nikamrusha kwenye tuta, na mlio wake nikauita beringi.

Bi Nasra akashuka polepole, kichwa amekifunga taulo na mtandio juu yake, hina inamtiririka kipajini. Akanizunguka mpaka akasimama mbele yangu.

"Kijana. Kilima chote kile tumekipanda?"

"Ndiyo, Bibi. Nisamehe, Bibi."

"Mimi na mwili huu, na Mwanaidi, na madumu manne ya maji?"

"Ndiyo, Bibi."

"Gari lilisita?"

Nikafikiri. Hata leo sisemi uongo kuhusu kipimo. "Halikusita hata mara moja."

Akamgeukia mamdogo. "Gari chukua. Nafasi yako ipo, Jumatatu njoo. Ila huyu dereva asikanyage ua wangu."

Papa Jérémie akapiga kofi moja la furaha, kisha akanionea huruma, akaliacha la pili hewani. Karavani imerudishwa na fundi mmoja wa mabodi. Mimi nimerudi kwa miguu.

Sasa mnisikilize. Kipimo kilikuwa sahihi! Nitajieni gari jingine Johannesburg lililopimwa kwa mzigo hai, unaopiga kelele, na likapita. Kama ningekubali neno la muuzaji, mamdogo angenunua kwa imani. Sasa amenunua kwa ushahidi. Radhi nimeomba, mara nane, nikiwa nimeukabili uzio, lakini nimeomba kwa ajili ya kufuli. Kwa ajili ya maswali siombi. Nitaendelea kumshuku kila muuzaji, na boneti lake, na macho yake.

Nimeongeza swali moja tu mwanzoni mwa orodha, kabla hata ya boneti: humo ndani kuna mtu? Na ole wake atakayenicheka kabla hajalijibu swali hilo yeye mwenyewe.