Lori Jekundu Juu ya Dari

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimerudi na vumbi masikioni. Tumefika jengo la mwisho, vyumba saba kwenye mstari mmoja. Kazi yangu ni kupitisha kamba juu ya dari, kutoka chumba cha kwanza hadi cha saba, ili fundi umeme afunge nyaya zake na kuzivuta. Anayetambaa huko juu ni mimi, kwa kuwa ni mwembamba. Bati linachoma mgongo, misumari inachana magoti. Wananiita Mjusi. Miezi kumi na minne naitwa Mjusi, sijazoea.

Leo msimamizi katangaza. Likizo ya mwezi huu ni ya mtu mmoja. Tumebaki wawili ambao hatujaenda nyumbani: mimi na fundi bomba, tunayemwita Mheshimiwa kwa sababu anapiga pasi ovaroli. Atakayemaliza kwanza vyumba vyake saba ndiye atakayepanda basi. Binti yangu ameng'oka meno mawili, yote nimeyasikia kwenye simu. Lazima nimshinde.

Nikitambaa, siku mbili. Mheshimiwa anahitaji mpaka Ijumaa. Kwa hiyo nimeshashinda.

Lakini mwenye akili hatambai. Karibu na kituo cha mabasi kuna duka lenye malori madogo ya umeme, ya kuendeshwa kwa rimoti. Lori linafungwa kamba, linapita juu, mimi niko chini nimekunja nne. Nashangaa hakuna aliyewahi kulifikiria hili.

Jumanne, tarehe 4

Nimemwomba msimamizi ruhusa nikatafute dawa ya tumbo. Tumbo zima kabisa.

Dada wa dukani alinitolea malori mawili, kila moja urefu wa kiatu. La kijivu linakwenda taratibu, matairi laini, akasema lina nguvu ya punda na linapanda mawe. Jekundu ni la mbio. Aliliachia sakafuni likapita chini ya kiti kabla sijageuza shingo. Akaniuliza ni la kazi gani. Nikasema la binti yangu. Akasema basi nichukue la kijivu, halisumbui. Nikamwambia mimi mtu wa ujenzi, sifundishwi magari.

Nimechukua jekundu.

Bila kamba, ni risasi. Nilipolifunga kamba lilikwenda hatua mbili, matairi yakaanza kuzunguka palepale, kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba yake.

Nimempigia mama watoto, nikamwambia nimemnunulia binti lori. Nikasikia mtoto anarukaruka. Si uongo. Linapitia kazini kwanza, basi.

Jumatano, tarehe 5

Lori halina kosa. Linakosa mota yenye nguvu tu.

Seremala ana drili iliyokufa swichi. Nimetoa mota yake na kuibana ndani ya lori kwa waya. Imechukua asubuhi nzima. Nikabonyeza. Lori liliruka, kikasikika kitu kama mbwa anayetafuna mfupa, likatulia. Nilipofungua nikakuta gia zote za plastiki zimesagika unga.

Mheshimiwa akapita na bomba begani. Akauliza kama Mjusi kazaa. Akasema akili ni nywele, kila mtu ana zake, halafu akakitazama kipara changu muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Yeye kamaliza vyumba vitatu. Mimi sijaanza, lakini nikianza nitapaa.

Alhamisi, tarehe 6

Tumbo tena. Msimamizi kanitazama sana.

Fundi redio wa mtaa wa pili kanipatia gia za chuma. Gia zikashika, ekseli ikakatika. Nikaweka ekseli ya chuma. Lori likawa zito, betri ikashindwa hata kuliamsha. Nikafunga betri ya drili juu yake kwa utepe wa umeme. Betri ikakandamiza springi, tumbo la lori likalala chini. Nikaweka matairi makubwa. Matairi yakagusa bodi. Nikakata bodi kwa msumeno.

Fundi redio akaniambia, taratibu kama anaongea na mgonjwa, kwamba sijatibu ugonjwa, nimeuhamisha kitanda. Nikamwambia abaki na redio zake.

Kilichobaki cha lori nililonunua ni rimoti na kipande chekundu cha mbele. Lakini limevuta kiti kikiwa na mimi juu yake.

Mheshimiwa yuko chumba cha sita.

Ijumaa, tarehe 7

Leo nimewaita wote waone. Hilo nakiri lilikuwa kosa.

Nililipandisha chumba cha kwanza, kamba nyuma. Tukalisikia linapita juu ya vichwa vyetu kama panya aliyevaa viatu. Chumba cha pili. Cha tatu. Seremala akapiga makofi. Mheshimiwa aliacha bomba lake, nikaona uso wake umekunjika, ovaroli tu ndiyo haikukunjika.

Chumba cha tano msimamizi anakitumia kama ofisi kwa sasa. Hapo likanyamaza. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza mpaka mwisho, kwa vidole viwili.

Ubao wa dari haukutengenezwa kubeba betri ya drili.

Tulipofungua mlango, msimamizi alikuwa amekaa, chai imemmwagikia mapajani. Lori lilikuwa mezani, matairi bado yanazunguka, linatafuna orodha ya mahudhurio. Akaishika kamba iliyoning'inia kutoka kwenye tundu, akaifuata kwa macho hadi juu, akanitazama. Akauliza kama hii ndiyo dawa ya tumbo. Kisha akanionyesha tundu kwa kidole.

Nikapanda. Nikatambaa kutoka pale hadi chumba cha saba, kamba mkononi. Nilipotoka upande wa pili Mheshimiwa alikuwa ananawa mikono. Kamaliza kabla yangu kwa muda wa kunawa mikono.

Fundi umeme anasema kwa mwendo ule ningetambaa vyumba vyote Jumatatu kabla ya chakula cha mchana. Fundi umeme naye hajui magari.

Jumamosi, tarehe 8

Mheshimiwa kapewa likizo yake. Nilikwenda kumpa mkono, si vizuri kununa. Akasema pole, ndugu Mjusi, nitaisalimia barabara kwa niaba yako.

Kisha msimamizi akaniita. Akasema na mimi niende, wiki mbili, bila mshahara. Nikashukuru. Akasema nisishukuru, anataka jengo lipate nafasi ya kupona.

Hivyo Mheshimiwa kaenda kwa ushindi, mimi kwa usalama wa wengine. Basi ni lilelile. Nimekaa mbele yake.

Jumatatu, tarehe 10

Nyumbani. Pengo la binti ni kubwa kuliko lilivyosikika kwenye simu. Hakuniachia shingo mpaka nilipolitoa lori.

Betri ilikuwa imekwisha. Hakujali. Alikichukua kile kipande cha kamba kilichobaki, akakifunga mbele, akalivuta kwa mkono uani kote, kadumu ka maji juu yake. Halikukwama hata mara moja. Akaniambia, baba, lori hili zuri sana.

Maskini, hajui anachokikosa. Mota ile ya drili ndiyo iliyotuangusha, ina papara. Linataka mota yenye subira.

Cherehani ya mama watoto ina mota. Nimeisikiliza jioni nzima akishona. Inakwenda taratibu, haichoki.

Kesho asubuhi anakwenda sokoni.