Kura Ng'ambo ya Korongo

Alhamisi, 9 Januari 2025

Feisal amenunua begi jipya la mgongoni. Lina mikanda kila mahali, mpaka kifuani. Analivaa dukani, anauza spea za pikipiki akiwa nalo mgongoni! Wateja wakimwuliza anasafiri lini, anawajibu wamwulize mwenyekiti. Kejeli tupu.

Mwenyekiti ni mimi. Kundi la Matembezi la Ibadakuli nimelianzisha mwenyewe, na Jumapili kuna uchaguzi. Maisha yangu yote nimeitwa "wewe" na "yule mzee wa pale kona". Hiki ndicho cheo pekee nilichowahi kupata, na kijana wa juzi anakitaka.

Nina mpango. Safari yetu, kuanzia kesho hadi Jumapili, itapita ndani ya korongo, kule Kishapu. Maji hakuna, mchanga mtupu. Viatu vyake vya kupandia milima vitajaa mchanga, atalalamika, kundi zima litamwona alivyo laini. Kura zitapigwa palepale mwisho wa safari, kabla ya kupanda gari. Ndivyo katiba inavyosema. Katiba nimeiandika mimi.

Melania, mke wangu, ameuliza kama nimefikiria mvua. Mvua imekata tangu Krismasi! Nimemwambia asinitie nuksi.

Ijumaa, 10 Januari

Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi.

Tumeingia korongoni asubuhi. Hatujafika mbali, Feisal akavua viatu. Akavining'iniza kwenye mikanda yake, akatembea peku, huku anaimba! Wote wakavua, wakamfuata. Nani alibaki na viatu, mchanga ukimsaga vidole? Mwenyekiti. Ningevua ningeonekana namwiga.

Mama Scolastika, katibu wetu, akaniuliza mbele ya watu mbona nachechemea. Nikamjibu sichechemei, nakagua njia.

Jumamosi, 11 Januari

Eti Feisal anajua na hali ya hewa! Jioni alisema tupande tukalale juu ya ukingo, maana upande yanakotoka maji kumetanda wingu jeusi. Nikamwambia wingu lile ni la wilaya nyingine, halituhusu. Nikaamuru moto uwashwe mchangani.

Maji yalikuja ugali ukisongwa. Yalikuja na magogo na povu, kwa kishindo. Sufuria likaenda. Mahema yakaenda. Mimi nilibaki nimesimama na mwiko mkononi, mpaka Feisal aliponivuta juu kwa kola. Kwa kola! Angeshindwa nini kunishika mkono kama binadamu?

Tumepanda ukingo usio wetu. Gari linatusubiri ng'ambo. Hakuna anayezungumza nami isipokuwa mbu.

Jumapili, 12 Januari

Sijui nianzie wapi. Nianze na ng'ombe.

Asubuhi maji yalikuwa bado mengi. Akaja mfugaji, Baba Mageni, anavusha ng'ombe wake. Tukaamkiana kwa Kisukuma, mwangaluka, mwangaluka, kisha akasema tukitaka tuvuke naye, kila mtu ashike mkia wa ng'ombe, asiuachie. Feisal akamwomba kwa heshima amchagulie wa kwake. Wengine nao wakaomba. Akanigeukia mimi. Nikamwambia, mzee, mimi ni Msukuma, nimezaliwa zizini, sichaguliwi ng'ombe. (Nimezaliwa hospitali, lakini hilo halikuwa lake.)

Nikachagua jike mnene, mpole, macho ya huruma. Baba Mageni akataka kusema kitu. Nikamkatiza.

Tulipofika katikati, ndama akalia nyuma yetu. Kumbe ndama wake alibaki ukingoni, akisubiri kubebwa mwisho! Yule jike hakunipa hata taarifa. Akageuka. Nami mkiani, nikageuka naye, maji mdomoni, nikimtukana kwa Kisukuma na Kiswahili. Akanifikisha nilikotoka, akaanza kumlamba mwanawe. Mimi hakuna aliyenilamba.

Baba Mageni alikuwa ng'ambo na wengine. Akaonyesha kwa mikono kwamba nisubiri maji yapungue.

Ndipo nikawaona wamejipanga. Mama Scolastika amesimama mbele yao. Mkono wa kwanza ukanyooka, wa pili, wa tatu. Wanapiga kura! Bila mimi! Nikapiga kelele, korongo likanizidi sauti. Nikanyoosha mikono yote miwili, nikairusharusha ili waache. Wakanipungia.

Saa tisa alasiri maji yakashuka hadi kwenye vifundo. Nikavuka kwa miguu, viatu mkononi. Mama Scolastika akanieleza kwamba Feisal amepita kwa kauli moja. Akanishukuru kwa uungwana wangu, maana hakuna mwingine aliyemuunga mkono kwa mikono miwili.

Garini nilikaa kiti cha nyuma. Niliangalia dirishani mpaka Ibadakuli, ili wasinione macho.

Jumanne, 14 Januari

Feisal amekuja kunijulia hali. Shikamoo, mwenyekiti mstaafu. Marahaba nimeitoa huku nimeuma meno. Nilipofunga mlango nimepiga teke ndoo, sasa kidole kimevimba.

Haidhuru. Nimeanzisha kundi jipya. Jumamosi tunapita korongo lilelile, ili Feisal ajue nani mwenye nalo. Leo mvua imenyesha tangu alfajiri. Vizuri sana, vumbi litatulia.

Mwanachama ni mmoja mpaka sasa, Melania, na ameandikishwa bila kuulizwa. Amekasirika. Kisha akaketi karibu yangu, akasema nikibaki nyumbani ataniita mwenyekiti kila siku, asubuhi na jioni, hata mbele ya wageni.

Nilikaribia kulia. Nikamwuliza kura zitapigwa lini. Akasema hakuna kura, amenipa tu.

Kunipa! Nimemkatalia palepale. Nimefunga begi.