Habari za Saturnini na Koti la Zambarau Lililoshikwa

Sogeeni, enyi watu wa Nachingwea na enyi wa Ruangwa, nanyi wa Marambo mliokuja mjini kuulizia kama korosho zimelipwa. Zimeni redio, lazeni simu kifudifudi, mwambieni muuza maandazi apite baadaye, kwa maana nitakayoyasimulia si habari ya mbuzi kula mahindi ya jirani. Ni habari ya vita. Ni habari ya Saturnini mwana wa Rozalia, shujaa wa makoti mengi na mfuko mtupu, aliyethubutu kutenda jambo ambalo muuza mitumba wa mtandaoni hajawahi kulitenda katika wilaya hizi mbili na akabaki na watu wa kumsalimia.

Nawe, ewe mnara wa simu uliosimama kilimani, wewe unayetugawia vijiti viwili vya mtandao pale tunapoomba vinne, nishushie maneno yasiyokatikakatika, maana mambo haya yote yalipita kwako, na kama ungekuwa na kinywa ungecheka kuliko mimi.

Tuanze na belo, lile furushi la mitumba. Rozalia, mama mzazi wa shujaa, alikuwa amevuna ufuta, akauza, akaifunga pesa kwenye kitambaa kwa kusudi moja tu: kununua bati za jiko lake, ambalo nyasi zake zilikuwa zimeoza kiasi kwamba mvua ikinyesha, mboga ilikuwa inaongezewa mchuzi na Mungu mwenyewe. Saturnini akapiga magoti mbele yake, akanena kwa sauti ya mtu aliyehudhuria semina ya ujasiriamali na kumaliza wali wake wote: “Mama, niazime pesa hiyo. Nitaizungusha mtandaoni, na kabla mvua hazijaanza nakuletea bati za jiko na za choo.” Rozalia, ambaye udhaifu wake pekee duniani ni huyu mtoto, akafungua kitambaa.

Shujaa akaagiza belo Dar es Salaam kwa kuangalia picha. Picha ilionyesha jaketi nyepesi. Lakini belo lilipopasuliwa chumbani kwake, katika lile joto la mwezi wa kumi linalofanya hata kuku watembee midomo wazi, yalitoka makoti: makoti mazito, marefu, yenye manyoya shingoni, makoti yaliyoshonwa kwa ajili ya watu wanaotembea juu ya theluji. Mtu mwingine angelia. Saturnini naye alilia, lakini kidogo, kisha akayatundika kwenye kamba, akayakagua kama kamanda anavyokagua kikosi, akayapiga picha moja moja, akayarusha kwenye stetasi na kwenye kundi la WhatsApp la wanaparokia, na chini yake akaandika: “Mzigo mpya! Krismasi hii tusizoeane!”

Hapo majeshi yakajibu. Simu ikatetemeka juu ya kitanda kama mgonjwa wa malaria, na kila ujumbe ulioingia ulibeba neno moja lile lile, neno linaloogopwa na wafanyabiashara wote wa mtandaoni kuanzia huku kwetu hadi mwisho wa bando: “Nishikie.” Nishikie la bluu, Satu. Nishikie la kahawia, korosho zikilipwa nakuja. Nishikie lolote, usimwambie mume wangu. Kwa maana ndivyo tulivyo watu wa huku: ukisema nishikie, kitu kimekuwa chako, na kumwuliza mwenye kushikiwa atalipa lini ni kumvunjia heshima, na heshima yetu tunaijali sana, hasa ile isiyotugharimu.

Saturnini hakuona hatari. Kwa kila neno alikata kipande cha karatasi, akaandika jina, akakibana kifuani mwa koti kwa pini, na kila pini ilipoingia alihesabu kwamba ameuza. Kabla jua halijazama kikosi chote kilikuwa na majina. Akatoka nje akitembea taratibu, kama mtu ambaye viatu vyake vimeanza kupata kipato chao wenyewe. “Mama!” akatangaza. “Makoti yameisha!”

Rozalia akachungulia chumbani, akayaona yote yananing'inia. “Yameisha, mbona yapo?”

“Yapo kwa macho tu, mama. Kibiashara hayapo.”

“Na hela?”

“Hela nayo hivyo hivyo. Ipo, ila kwa macho haionekani.”

Siku zikapita. Wateja wapya wakaja wakitaka kununua, naye akawafukuza kwa upole wa tajiri: “Samahani dada, limeshikwa.” Bando likaisha, akakopa bando. Alikuwa na ghala lililojaa, na orodha ya wateja ambayo wenye maduka ya barabara kuu wangeionea wivu, huku akila mihogo ya jirani. Na mawingu yakaanza kujikusanya upande wa Masasi, meusi, mazito, yasiyojua kabisa maana ya nishikie.

Sasa tumtaje adui, na anayeweza kusimama na asimame. Miongoni mwa makoti lilikuwapo moja la zambarau, lenye mkanda kiunoni na manyoya meupe shingoni, mfalme wa belo zima. Na karatasi iliyobanwa kifuani mwake ilisomeka: Mama Lusiana. Ndiye Lusiana kiongozi wa sauti ya kwanza kwaya ya parokia, mwenye kifua cha tarumbeta, ambaye akikohoa kanisani mpiga kinanda huanza upya. Na zaidi ya yote alikuwa mama wa ubatizo wa Saturnini mwenyewe. Jimbo zima linajua kwamba mama wa ubatizo hadaiwi.

Mambo yangebaki hivyo mpaka ufufuo, kama simu isingeita kutoka Likunja, kule Ruangwa. Mpigaji alikuwa Lubasha, mfugaji aliyekuja na ng'ombe wake kutoka upande wa Ziwa, ambaye namba yake ilibaki kwenye simu ya Saturnini tangu alipomuuzia blanketi. Lubasha si mtu wa hotuba.

“Hilo koti la zambarau la kwenye stetasi. Nalitaka.”

“Mzee wangu, lile limeshikwa.”

“Kalishika nani? Ana mikono mingapi?”

“Yaani atakuja kulipia, mzee.”

“Mimi pesa ninayo hapa. Kesho niko mnadani Ruangwa. Ukija, leta.” Akakata.

Saturnini akaduwaa na simu sikioni. Keshi! Lilikuwa neno ambalo alikuwa amesahau ladha yake. Jioni hiyo, kwa hofu ya mtu anayekwenda kuomba amani kwenye ngome, alifika nyumbani kwa Lusiana, akaamkia, akakalishwa kwenye kigoda kifupi kuliko vyote, akasema kwa sauti iliyokuwa ikirudi nyuma: “Mama, samahani. Lile koti, kama itawezekana, ukalipia hata nusu…”

Lusiana akaweka chini ungo wake wa mchele. Akavuta pumzi ile ya kuanzia wimbo wa Utukufu.

“Saturnini! Mimi niliyekubeba mikononi maji yakikumwagikia utosini, ukanikojolea gauni jipya mbele ya padri, nami nikatabasamu! Mimi leo nidaiwe koti? Nimekwambia korosho zikilipwa. Koti lenyewe hata silivai, na joto hili! Nimelishika ili Scholastika wa sauti ya pili asilipate. Yeye ameshika lile la kijani, unafikiri kwa nini? Ili mimi nisilipate! Utamwambia kwamba mimi nimeachia? Utathubutu?”

Ndugu zangu, hapa hasira inanipanda na sitaificha. Kwa maana nyasi za jiko la Rozalia zilikuwa zinaoza, na pesa yake ya ufuta, aliyoipalilia kwa jembe huku mgongo ukimwuma, ilikuwa imening'inia kwenye kamba ili wanawake wawili wa kwaya wanyimane nguo ambazo hakuna aliyetaka kuzivaa. Saturnini alirudi nyumbani. Akamkuta mama yake amesimama jikoni, anatazama juu, akihesabu matundu kwa midomo. Hakumlaumu. Akasogeza tu chungu cha unga kutoka kona moja kwenda nyingine, mahali ambapo nyasi zilikuwa zimebaki nyingi kidogo. Hilo ndilo lililomvunja shujaa moyo, na ndilo lililomtengeneza upya.

Alfajiri akasimama mbele ya koti la zambarau. Akaitazama ile karatasi. Karatasi nayo ikamtazama. Akainua mkono wa kuume, ule ule wa kufanyia ishara ya msalaba, akaishika pini, akavuta. Pini ikakataa, ikageuka, ikamchoma kidole, na damu ikamwagika kiasi cha tone moja. Hakurudi nyuma. Akavuta mara ya pili, akiwa amefumba macho, na pini ikatoka! Jina la Lusiana likaanguka sakafuni, na ukuta haukudondoka, na kengele za kanisa hazikulia zenyewe. Akalikunja koti, akalitia kwenye mfuko wa sandarusi, akakopa nauli kwa jirani wa mihogo, akapanda basi la Ruangwa.

Mnadani vumbi lilikuwa jingi na ng'ombe wengi kuliko watu. Lubasha alilipokea koti, hakulinusa wala kulisifu. Akafungua chupa ya maji, akamwaga kwenye mkono wa koti, akasubiri, akapeleka vidole ndani kupapasa. Pakavu. Akalivaa. Liliishia magotini, manyoya meupe yakamzunguka shingo, na mkanda akaufunga kiume, fundo pembeni.

“Mzee,” akasema Saturnini kwa uaminifu uliomgharimu sana, “hili kidogo ni la kike.”

“Ng'ombe watajuaje?” akasema Lubasha. “Mvua zikianza, mimi ndiye nashinda porini. Shika pesa yako, mwanangu, ng'wanawane.”

Akalipa bei yote, mkononi, papo hapo. Huyu ndiye tunayemwita mgeni kwenye mikutano yetu ya kijiji, tukishindana nani amseme zaidi. Sisi wenyeji tulikuwa bado tumeshika.

Saturnini akampiga picha, zambarau mbele na ng'ombe nyuma, akairusha kwenye stetasi na kwenye kundi la parokia, na chini yake neno moja: “LIMEUZWA.”

Kundi likaifungua picha. Kisha ukaja ujumbe wa sauti wa Lusiana, mrefu kuliko zaburi, ukianzia kwenye lile gauni lililokojolewa na kuishia kwenye mwisho wa dunia. Saturnini akajibu kwa kuandika: “Shikamoo mama. Aliyelipa ndiye amelichukua. Kuanzia leo ni hivyo kwa wote.” Lusiana akatoka kwenye kundi. Watu walioandika “nishikie” wakaanza kufuta, mmoja baada ya mwingine, kama wezi wanaofuta nyayo.

Na ushindi ulikuwa kiasi gani? Ukitoa nauli ya kwenda na kurudi, ukitoa deni la bando na la mihogo, ulibaki kiasi cha bati moja. Naam, bati moja! Shujaa alirudi nalo juu ya bodaboda, amelikumbatia kama ngao, likimpigia kelele za shangwe kila walipopita kwenye shimo.

“Moja?” akauliza Rozalia.

“Moja, mama. Lakini hili linaonekana kwa macho.”

Rozalia akacheka mpaka akakaa chini. Wakaligongomea juu ya mafiga, na kesho yake mchana mawingu ya Masasi yakatua. Mvua ikanyesha kwa hasira, jiko lote likavuja isipokuwa pale, nao mama na mwana wakabanana chini ya bati, moto ukiwaka, mboga ikichemka bila kuongezewa kitu.

Hapo akatokea mtu anakimbia barabarani, ndala mkononi, kitenge kichwani. Hakuwa mwingine bali Lusiana, akitoka kwenye sala za jumuiya. Aliona moshi, akaingia mbio, kisha akaona yuko kwa nani, na tayari alikuwa ameshaingia.

“Karibu, mama,” akasema Rozalia, akasogea. “Njoo huku, hapo panavuja.”

Wakasimama watatu chini ya bati moja, bega kwa bega. Juu yao mvua ilipiga na kupiga. Lusiana akainua macho, akalitazama lile bati kwa muda mrefu, na bila shaka alitambua limetokana na koti la nani. Alikuwa analowa mgongo na anatetemeka. Hatimaye akakohoa.

“Na lile la kijani?”

“Limeshikwa, mama,” akasema Saturnini. “Na Mama Scholastika.”

“Mimi sijauliza limeshikwa na nani. Nimeuliza limelipiwa?”

“Bado.”

Basi Lusiana, mwenye kifua cha tarumbeta, akageukia ukuta, akapeleka mkono kwenye fundo la kitenge chake kiunoni, akafungua, na noti zikatoka zimekunjwa vizuri, kavu kabisa.

“Kumbe korosho zimelipwa?” akauliza Rozalia, bila ubaya wowote.

“Zimelipwa zamani,” akasema Lusiana. “Lete koti, mwanangu. Nasikia baridi.”

Saturnini akakimbia chumbani, akachomoa pini ya pili, na safari hii damu haikumwagika. Yaandikwe hayo kwenye kuta za ofisi ya kata, yatangazwe minadani, wafundishwe watoto wa shule mahali pa vile vita vya wazungu: kwamba katika Nachingwea mtu mmoja alichomoa pini, na bati moja likawa mawili! Yale makoti mengine bado yananing'inia chumbani kwake, kila moja na jina lake kifuani, na jiko la Rozalia bado linavuja upande wa kuni. Sitayasoma majina hayo hapa. Wenyewe mpo, mmekaa mbele yangu, na nimewasikia mkinisifu kwa simulizi nzuri.