Viti vya Wazee wa Baraza

Asali hakuwa mwizi, na ungemwita mwizi angekununia wiki nzima. Yeye alikuwa na ulimi, watu walikuwa na masikio, basi. Lakini siku hiyo ulimi ulikuwa na kazi ya dharura. Cherehani ya dada yake, ambayo dada aliambiwa iko kwa fundi, ilikuwa rehani kwa mkopeshaji. Asubuhi dada alikuwa ametamka, tena bila kupandisha sauti: cherehani isiporudi leo, utafute pa kulala.

Ndipo alipoingia kwenye ukumbi wa wazi, ule wa ngazi za mawe usio na paa, akaona jukwaani viti saba vya mito myekundu, vimetulia havina mwenyewe. Waigizaji walikuwa nyuma ya pazia wakipakana poda. Igizo la jioni lilikuwa lile la kale ambalo hata mabibi walilitazama wakiwa wasichana, na watu walishaanza kumiminika. Asali akakaza tai, akabandika kikaratasi kifuani kama mhudumu wa ukumbi. Mungu hamtupi mja wake, hata mja wa namna hii.

Hakuhangaika na kila mtu. Aliwatafuta waliofuta jiwe kwa leso kabla ya kuketi. Wa kwanza alikuwa daktari wa meno, aliyekuja na mkewe.

"Daktari, jiwe ni la umma," akamnong'oneza. "Wewe tangu lini ukawa umma?"

Daktari akatazama huku na huku, akatia mkono mfukoni. Wengine wakafuata, kila mmoja akiapiwa kwamba chake ndicho kiti cha mwisho. Wajinga ndio waliwao.

Asali alitaka kuondoka, lakini kengele ikalia na lango likafungwa. Akapanda ngazi ya juu, mkoba wenye pesa zao mapajani. Igizo lile hakuwahi kulitazama, kwani hakuona sababu ya kulipia uongo wa mtu mwingine.

Kumbe viti vile vilikuwa vya wazee wa baraza. Hakimu wa igizo alipotokea na kumkuta daktari wa meno amekunja nne, hakutetereka. Mtu mzima na kazi yake. Akainama, akasema baraza limemtangulia, na anashukuru kupata wazee wenye busara namna hii. Watu wakacheka hadi machozi. Daktari akavimba kichwa.

Kisha ikafika sehemu ambayo ukumbi mzima uliingoja, isipokuwa Asali. Hakimu aligonga fimbo, akauliza nani ana mashtaka. Ndivyo lilivyochezwa miaka yote: mtazamaji yeyote huinuka akamshtaki jirani yake, akahukumiwa palepale. Kwa kawaida ni habari za kuku na sufuria zisizorudishwa.

Akainuka mwanamke mmoja katikati. Asali alimjua kwa mabega kabla hajafungua kinywa. Dada alikuwa amekwenda kwa fundi mchana, cherehani hakuikuta, akadokezwa iko kwa mkopeshaji, akamfuata nduguye kimyakimya hadi hapa.

"Mheshimiwa, namshtaki mdogo wangu, yule mwenye tai. Cherehani inayotulisha sote ameiweka rehani. Na hao wazee wako, hebu waulize viti hivyo kawauzia nani."

Ukumbi ukalipuka. Wale saba wakatazamana, wakaelewa. Lakini nani atainuka sasa aseme ametapeliwa, naye ameshasifiwa busara mbele ya mji mzima? Aibu hiyo inauma kuliko jino bovu.

Asali akashushwa hadi jukwaani. Alifungua kinywa ajitetee, makofi yakapigwa, na hapo ndipo alipoponzeka. Maishani mwake hakuna aliyewahi kumpigia makofi. Akapiga magoti, akamwomba dada radhi, akalia, na katikati ya kulia akashangaa kwamba machozi ni ya kweli.

"Mkoba apewe dada," daktari akahukumu kwa sauti nzito. Wenzake wakaitikia.

Asali akautoa kwa mikono miwili, akainama kwa watazamaji. Alipoinua kichwa, dada alikuwa ameshafunguliwa lango.

Alipofika nyumbani alisikia cherehani ikinguruma. Akaketi kizingitini.

"Umelia vizuri," dada akasema, macho kwenye kitambaa.

"Nililia kweli, dada."

"Najua. Chakula chako kimefunikwa pale."

Alikula kwanza. Kisha akasema, kwa haya, kwamba waigizaji wanataka arudi kesho ashtakiwe tena.

"Wanalipa?"

"Makofi."

Dada akakata uzi kwa meno. "Nenda. Lakini hiyo tai iache hapa."